Bosi Apande Mwenyewe

Kariakoo, Jumamosi mchana

Mwanangu Festo,

Mimi mzima. Hali yako sikuulizi, maana umetoka hapa sasa hivi unatafuna chapati ya tatu, na Bosi anakufuata nyuma, mkia juu, anakutazama mdomo. Shuleni walitufundisha kwamba barua huandikiwa mtu aliye mbali. Wewe hata Msimbazi hujavuka, unaelekea Jangwani kwenye yadi ya malori, na tayari nimeshika kalamu. Nisamehe. Kesho alfajiri utakuwa unaondoka kweli, na mimi najijua: asubuhi sitakuwa na maneno, nitakuwa na kamasi tu.

Sitakuandikia mambo ya chandarua, mswaki, wala kumwamkia mjomba wako. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka Bi Zuhura mwenye nyumba akanipigia kelele kutoka chumbani kwake, "Mama Festo, mtoto anaenda Mbinga, haendi mwezini!" Nataka nikuandikie habari za Bosi. Nikishamaliza za Bosi, kuna neno langu moja ambalo nimelikalia miaka kumi na tatu. Usiruke kurasa kulitafuta. Soma kwa mpangilio, usifanye kama unavyokula wali, unaanza na nyama.

Leo saa kumi Baba Anita anawasha lori lake mbele ya Bosi. Masharti yake alinitamkia mimi kabla hajakutamkia wewe. Alisema, "Dada yangu, mimi mbwa simkatai. Nyuma kwenye mizigo atakufa kwa joto, kwa hiyo atakaa na sisi mbele. Lakini apande mwenyewe kwa miguu yake. Alale chini injini ikinguruma, na nitapiga honi mara mbili. Akitulia, kesho tunaondoka wote. Akileta fujo, anaenda mtoto, mbwa anabaki. Siwezi kupanda mlima Kitonga na mnyama ananiparamia mabegani."

Na akibaki, hana pa kubaki. Godauni alikozaliwa linavunjwa mwezi ujao wajenge ghorofa. Mzee Saidi mlinzi, aliyekupa Bosi akiwa wa kuenea kwenye kofia, anarudi kwao Rufiji. Hapa kwetu mbwa ni mgeni wa nje, haingii ndani, na Bi Zuhura ametuvumilia vya kutosha. Kwa hiyo roho yangu iko huko yadi. Mkono ndio nimeupa kazi ya kuandika.

Nimewaacha muende wawili tu, kwa makusudi. Ulipouliza, "Mama, huji?" nikasema nina zipu za kumalizia. Zipu nilimaliza jana. Ukweli ni kwamba Bosi akiniona mimi karibu na kitu cha kupanda, anakumbuka. Na ana haki ya kukumbuka.

Hebu nikurudishe nyuma kidogo. Yule mbwa alikuwa hana woga wowote. Jina ulimpa wewe, nikakukatalia, nikakwambia Kariakoo kila mwanaume ni bosi, utaniletea ugomvi. Na kweli, siku ya kwanza tu uliita, "Bosi, toka mtaroni!" wakageuka wanaume wanne, mmoja ana mkoba wa benki. Alipita katikati ya mikokoteni kama mwenye leseni. Wabeba mizigo walimsalimia, "Mambo, Bosi?" naye anatingisha mkia, anaendelea na safari zake. Mtaa wa Kongo mzima alikuwa anaujua kwa pua.

Halafu asubuhi moja, bila taarifa, akabadilika. Ulikuwepo, lakini nataka niandike nilivyoona mimi. Tulifika pale kwenye duka la suruali, penye yale masanamu ya kuvalishia nguo, yasiyo na vichwa. Amepita pale tangu anabebwa kwenye ndoo. Siku hiyo akasimama ghafla, manyoya ya mgongo yakasimama, akanywea mpaka tumbo likagusa lami, na mkojo ukamtoka. Sanamu lenyewe limevaa jinzi, limetulia, halina habari naye. Vijana wakafa kwa kicheko. "Oya, Bosi kakutana na mkwewe!" Mwingine, "Muulizeni, kwani anamjua?" Na mimi nilicheka, Festo. Nilicheka kuliko wote.

Kesho yake akaogopa mkokoteni. Keshokutwa akaogopa mwavuli wa yule dada wa laini za simu. Baadaye ikawa hata mfuko wa plastiki ukipeperushwa na upepo anachomoa shingo kwenye kamba anakimbilia kwa Mzee Saidi. Nikasema anadeka. Nikakwambia, "Mbwa habembelezwi. Ukimbembeleza, kesho atataka mto na shuka." Wewe uliokota kamba ukamfuata. Nikadhani umekubali.

Ndipo nikapata wazo langu la Jumapili, kwamba tuvuke kwa pantoni pale Magogoni twende Kigamboni na kurudi, ajue safari ni nini kabla ya siku yenyewe. Wazo halikuwa baya. Njia niliyoitumia ndiyo ilikuwa mbaya. Nilinunua lile tenga kwa wauza kuku, nikatia firigisi ndani, nikamwita kwa sauti tamu ambayo hata wewe huijui. Akaja. Aliingia anatingisha mkia, masikini, akijua mama wa nyumba amekuwa mwema leo. Akiwa bado na firigisi mdomoni nikafunga kifuniko, nikakaza kamba kwa fundo la fundi wa mabegi, lile ambalo hata mimi nalifungua kwa meno. Aligeuka akanitazama kupitia matundu ya tenga. Hakubweka. Alinitazama tu.

Kwenye pantoni ndipo alipolia. Ile sauti sikujua kama mbwa anayo. Watu walisogea wakatuachia duara. "Mama, umebeba nini humo, fisi?" Akakojoa, mkojo ukafika kwenye gunia la mchele la yule mama wa baibui, naye akafumba macho akasema, "Mwaka huu nimeapa sigombani na mtu. Mungu, unaniona?" Wewe ulikuwa umepiga magoti, umeingiza vidole kwenye matundu, na mimi nakwambia simama, unatutia aibu.

Tulipofika ng'ambo nikafungua. Alichomoka kama maji ya bomba lililopasuka, akaenda kujibana chini ya meza ya muuza mihogo, ukutani kabisa. Nikavuta kamba. Nikavuta tena. Muuza mihogo akasema kwa adabu, "Mama, mimi sina neno, ila wateja wanaona meza inatetemeka." Ndipo ukanishika mkono. Hukunipayukia. Ulisema polepole, "Mama, umemdanganya. Muache kwanza." Kisha ukalala kifudifudi kwenye mchanga na shati lako la kanisani, mbali naye kidogo, uso umeugeuzia upande mwingine, kama mtu anayepumzika zake. Hukumwita. Hukumwonyesha chakula. Uliongea na muuza mihogo habari za mpira. Watu wameswali adhuhuri, wameswali alasiri, ndipo pua yake ikatokeza ikagusa kiwiko chako. Hata hapo hukumshika. Ukamalizia hadithi ya penalti.

Sijawahi kukwambia, lakini pale nilikaa kwenye kiti cha muuza mihogo nikakutazama, nikajiuliza huyu mtoto haya kajifunza wapi. Kwangu hakujifunza.

Jumatatu tukampeleka kwa yule binti daktari wa mifugo kwa ajili ya chanjo na kibali cha kusafirisha. Binti mdogo, ana mabuti makubwa kuliko yeye, kanizidi elimu na kanizidi upole. Wala hakunigombeza nilipomweleza. Aliniuliza Bosi ana miezi mingapi, nikamwambia minane. Akacheka. "Mama, huyu ni kijana anayebalehe. Kuna wiki mbili tatu hivi dunia yote inakuwa mpya kwake, hata vitu alivyovizoea. Inapita yenyewe. Ila kitakachomtisha katika wiki hizo anaweza kukaa nacho maisha yake yote, kwa hiyo usimsukume." Nikamuuliza, sasa tufanye nini na safari iko karibu? Akasema, "Mwonyesheni kitu kwa mbali, mahali ambapo bado anaweza kula. Akila, mko sawa. Akikataa kula, mmesogea mno. Rudini nyuma, msione haya."

Kwa hiyo kipimo chetu kikawa dagaa. Nacheka nikikumbuka. Mtu mzima na kijana wake na mbwa wamesimama ng'ambo ya duka la suruali wanatupa dagaa chini, wanatazama sanamu. Hatua moja mbele, dagaa. Hatua moja, dagaa. Hatua ya tatu hataki, turudi. Yule muuza suruali akapiga kelele, "Mama Festo, kama mnataka jinzi semeni bei, msinivizie!" Siku ya nane hivi Bosi alienda mwenyewe akanusa mguu wa sanamu, akapiga chafya, akaondoka. Nilitaka kupiga vigelegele, ukaniziba mdomo.

Lile tenga mimi ndiye niliyelishughulikia. Nilichukua mkasi wangu wa turubai nikakata kifuniko chote, nikakitupa jalalani, ili hata mimi nikitaka kumfungia tena nisiweze. Nikatandika khanga yangu kuukuu ndani, tukaliacha uani pale godauni, hakuna anayemwita, hakuna anayemwambia ingia. Siku ya kwanza alilizunguka kama kaburi. Siku ya pili aliweka mguu mmoja, akautoa. Siku ya tano Mzee Saidi alikuja hapa barazani anahema, nikadhani kuna moto. "Mama Festo, kalala! Kalala ndani! Anakoroma!" Nikaacha begi la mteja kwenye cherehani, nikaenda kumchungulia mbwa aliyelala. Kariakoo yote ina kazi, mimi nachungulia mbwa.

Kisha malori. Wewe ulikuwa na mitihani yako ya cheti cha useremala pale kwa fundi wako, kwa hiyo zamu ya mchana ilikuwa yangu. Nikawa nabeba kigoda na kazi ya mkono, nakaa ng'ambo ya yadi, Bosi miguuni, nashona vishikio vya mabegi huku yeye anatazama magari yakiingia na kutoka. Simshiki, simwambii kitu. Madereva wakaanza, "Fundi, umefungua tawi?" Mmoja akaniletea begi kweli, zipu imekufa. Kila siku nasogeza kigoda kidogo. Juzi nilifika mpaka kwenye tairi la lori la Baba Anita. Bosi alipiga miayo. Yule binti alisema mbwa anayepiga miayo huenda anajituliza mwenyewe, basi na mimi nikapiga miayo, tukawa tunapokezana, utingo akatuuliza kama hatukulala.

Lakini kupanda hajawahi kupanda. Injini ikiwaka huwa anarudi nyuma. Ndiyo maana leo natazama saa. Ni saa kumi kasorobo.

Sasa nifike kwenye neno langu.

Siku uliyoniambia "umemdanganya", ulimsemea Bosi. Mimi nilisikia mtoto mwingine akisema. Tangu ukiwa mdogo ukiniuliza ilikuwaje nikakuacha kwa bibi yako Mbinga ule mwaka, nimekusimulia hadithi moja. Kwamba uliniaga vizuri. Kwamba ulisimama njiani penye mibuni ukanipungia mkono, ukasema, "Nenda salama, mama." Umeisikia mara nyingi mpaka wewe mwenyewe unadhani unaikumbuka. Wiki iliyopita ulimsimulia Mzee Saidi, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

Festo, hukuniaga. Nilikutoroka.

Ulikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na ishirini na moja, baba yako alishakwenda zake Tunduru, na huku Dar nilikuwa nimepata cherehani ya kushirikiana na dada mmoja na pa kulala ni chini ya meza yake. Nisingeweza kuwa na mtoto hapo. Bibi yako akaniambia, na hakuniambia kwa ubaya, "Mtoroke, mwanangu. Akikuona unaondoka atalia, na wewe ukisikia kilio chake utarudi. Wote tulitorokwa, wote tumekua." Unajua kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto hupewa kitu cha kushika, anageuka, mama hayupo. Tunaona ni huruma, asione machozi.

Nikakwambia uende na mjomba Otmar mkatazame vitoto vya nguruwe vilivyozaliwa usiku. Ulikimbia na kandambili moja. Ulipofika kwenye banda ukageuka ukapiga kelele, "Mama, usiondoke, nakuja kukwambia wako wangapi!" Nikasema, "Siondoki." Hivyo hivyo, kwa mdomo huu. Kisha nikachukua begi nikapita katikati ya mibuni nimeinama, kama mwizi wa kahawa, mpaka barabarani.

Bibi yako alinisimulia baadaye. Kwamba ulirudi unakimbia. Ulizunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, jikoni, nyuma ya choo, unasema, "Mama, wako tisa. Mama, wako tisa." Hukulia. Ulitaka tu kunipa hesabu.

Nilipokuja kukuchukua mwaka ule ulipokwisha, ulinijua, ukanipa shikamoo, ukashika pindo la khanga yangu. Hukuliachia. Tumefika hapa Kariakoo, naenda dukani unashika, naenda kuoga unakaa nje ya mlango umeingiza vidole kwa chini. Ukilala unashika kidole changu, nikikichomoa unaamka. Na mimi mjinga nikaona ni deka. Nilikupa jina "Mkia" mbele za watu, na mtaa mzima ukakuita Mkia, wakacheka, nikacheka nao. Siku moja nilikuchapa kofi kwa sababu umeng'ang'ania mguu wangu nikiwa naendesha cherehani. Mtoto wa kwanza ni kitambaa cha kujifunzia kukata. Pole, baba.

Na cha ajabu ni kwamba dawa niliipata, tena bila kufundishwa. Siku moja kwa kuchoka tu nikakwambia, "Naenda kwa muuza zipu. Wakiadhini alasiri nitakuwa nimefika mlangoni." Nikaenda, na wakati muadhini anaanza nikawa naingia. Ulinitazama kama nimefanya mazingaombwe. Kesho yake tena, na kesho yake. Nikisema narudi, narudi. Nikichelewa, nasema nimechelewa na kwa nini. Haikupita muda ukawa wewe ndiye unayeniambia, "Nenda bwana, unanisumbua." Yaani nilijua, mwanangu. Nilijua kabisa, halafu baada ya miaka yote hiyo nikachukua tenga na firigisi nikafanya yale yale kwa mbwa. Kujua na kukumbuka si kitu kimoja.

Kesho unakwenda pale pale penye mibuni ile. Safari hii umechagua mwenyewe, na una haki ya kujua unarudi mahali gani. Mjomba wako atakufundisha useremala wa kweli, wa makabati na milango ya kanisa, na atakupenda, maana alikupenda tangu siku ya nguruwe. Yeye ndiye aliyekubeba jioni ile. Muulize akusimulie, ana upande wake. Na ukitaka kunikasirikia, kasirika. Nitakuwa hapa, simu nitapokea. Ukinikasirikia wiki mbili, nitasubiri wiki mbili. Sasa nina uzoefu, nimekaa ng'ambo ya yadi na kigoda.

Kuhusu njiani, haya machache tu, na ni ya Bosi. Mkisimama Mikumi usimshushe kwa kumvuta. Fungua mlango, wewe shuka kwanza, usimame, utazame huku na huku kama mtu asiye na haraka. Atakuja. Asipokuja, mpe maji hapo hapo. Watu watataka kumshika kichwa, maana mbwa kwenye lori ni sinema, waambie ni mgeni, hajazoea. Makambako kuna baridi, mfunike kwa khanga yangu, si kwa blanketi jipya, anaijua harufu. Akitetemeka, usimwambie acha. Kaa naye tu. Na siku ya kwanza ukienda karakana kwa mjomba, usimsubirie alale ndipo uondoke. Mwonyeshe unavyotoka. Toka dakika tano, rudi. Toka kumi, rudi. Hajui lugha, lakini kuhesabu anajua.

Na wewe pia, baba. Kuna siku utaogopa vitu usivyowahi kuviogopa, utashangaa mwenyewe. Mimi nilipofika Dar niliogopa lifti mpaka leo sijui kwa nini. Chakula kikikataa kushuka, ujue umesogea mno. Rudi hatua moja. Nipigie.

Saa kumi na nusu. Naacha kidogo, kuna kelele huko kona.

* * *

Nimerudi. Bado nacheka.

Umenisimulia mwenyewe, unapayuka kutoka ng'ambo ya mtaa mpaka Bi Zuhura katoka na mswala mkononi, lakini acha niandike na mimi, nataka iwe kwenye karatasi. Kwamba mliegemeza ubao kwenye mlango wa lori, na lile tenga mkaliweka kule juu miguuni pa kiti. Kwamba Baba Anita aliwasha, Bosi akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa yadi, na utingo akasema, "Huyu kwisha habari yake, mbebeni." Ukasema, "Hapana. Atapanda mwenyewe." Ukapanda wewe, ukakaa kwenye kiti chako, ukatazama mbele kwenye kioo, ukaanza kumuuliza Baba Anita habari za penalti. Akapanda nusu ya ubao, akashuka. Akapanda tena, akashuka. Mara ya tatu ukasikia kucha kwenye bati, halafu uzito kwenye kiatu chako. Honi ya kwanza akainua masikio. Honi ya pili akaweka kidevu kwenye khanga.

Halafu akakataa kushuka! Baba Anita, dereva mzima mwenye kitambi, anamwomba mbwa kwa heshima, "Bosi, tafadhali, ni kesho, si leo." Na eti kasema, "Mwambie mama yako huyu mbwa ana adabu kuliko utingo wangu." Bi Zuhura aliposikia akasema, "Alhamdulillahi," kisha akajifanya amekasirika, akatuambia tusogeze mbwa, anataka kupita. Lakini nimemwona. Alikuwa anacheka ndani ya mtandio.

Sasa umeenda kumrudisha Bosi godauni, akalale na Mzee Saidi mara ya mwisho. Umesema, "Mama, narudi magharibi haijaingia." Wewe unaniambia mimi. Sawa.

Nilikuwa nimepanga barua hii niishonee ndani ya begi lako, chini ya kile kitambaa cha kati, uikute Mbinga ukifungua nguo. Nimeshaandaa na sindano. Ni begi nililolikata mwenyewe, ningeificha usingeisikia hata kwa mkono. Halafu nikajiona nilivyoinama juu ya begi, natoroka tena.

Basi nimechomoa uzi. Kesho pale yadi nitasimama upande wa kioo chako, mahali unaponiona, mpaka lori lipinde, na ukiona nalia usimwambie Baba Anita asimame. Na barua hii nakupa mkononi, leo, ukifika tu mlangoni. Utaisomea hapa kwenye mkeka. Mimi nitakaa kwenye kigoda mbele yako, sitajifanya nina kazi, sitakwenda jikoni, mpaka umalize.

Nasikia miguu yako barazani.

Mama yako